Gharama ya Kizimba cha Paka Pale Skuta

Nyumba ninayokaa hapa Ruring'u niliijenga kwa mikono yangu na pesa zangu, bila mkopo, bila harambee, bila shamba la baba kuuzwa. Diploma yangu ya ujenzi iko sebuleni, ndani ya fremu niliyoichonga mwenyewe. Nilifanya kazi nchi za Ghuba, huko Uarabuni, miaka kumi na mmoja, na huko sikubeba zege kama wengi mnavyodhani. Nilisimamia watu. Nayasema haya mwanzo ili kijana anayesoma ajue haongei na mtu aliyeokota ufundi barabarani. Nayasema pia kwa sababu mambo nitakayoeleza huko mbele yalifanywa na mtu huyu huyu mwenye diploma.

Nimestaafu sasa, magoti yamekataa ngazi. Lakini simu haijastaafu. Nyinyi mnaoshika nyundo siku hizi, wa Nyeri, wa Karatina, wa Kerugoya, mnanipigia mkiuliza jambo moja: kumjengea paka kizimba cha nje ni pesa ngapi? Niliporudi kutoka Ghuba swali hilo lilikuwa kichekesho. Huko nilikuwa nimejenga vizimba vya paka vyenye feni na marumaru, vikubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Nikachora bango langu hapa Ruring'u: Mabanda na Vizimba, Kiwango cha Ng'ambo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi mbele ya karakana alilisoma bango lote, akanigeukia.

"Ati nyumba ya paka?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nalala chumba moja na watoto wanne. Si uniandike kwa hiyo kitabu yako kama paka?"

Nilicheka naye, lakini sikuliondoa bango. Mwaka haukuisha kabla sijapata kazi ya kwanza.

Ile ya kwanza iliniaibisha, na afadhali niwaambie mapema. Ilikuwa Kerugoya, kwa mwenye duka la nguo. Alitaka paa, mimi nikamwambia paa ni kupoteza pesa, ukuta wa wavu wa futi nane unatosha. Nikasimamisha nguzo, nikafunga wavu, nikapiga picha. Tukamweka paka ndani, tukaingia nyumbani kunywa chai. Kikombe changu hakijafika nusu, paka akapita mlangoni akiwa na mkia juu, akaketi kati yetu.

Mwenye duka alimtazama paka, akanitazama mimi. "Fundi, hiyo diploma ulisomea kuku?"

Paa nililijenga kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika bei ya kizimba cha paka bila paa. Nusu iwe mabati kwa ajili ya mvua, nusu iwe wavu ili jua liingie, maana baridi ya Julai ya huku kwetu itamuua paka asiye na mahali pa kuota jua. Milango iwe miwili, na nafasi ya mtu mmoja kusimama katikati. Hufungui wa ndani kabla hujafunga wa nje. Chini, wavu uzikwe futi moja na upangiwe mawe, si kwa sababu ya paka, bali mbwa na nguchiro. Wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita ni wa bei nafuu, lakini ukungu wa Nyeri huula kwa misimu miwili. Kwa vitoto vya paka, tumia waya wa kahawa, ule ambao wakulima huanikia kahawa yao. Kwa paka wakubwa, tumia wavu wa chuma wa matundu ya mraba, inchi mbili kwa mbili.

Ukijumlisha, wavu ni karibu theluthi ya pesa yote. Paa na mlango ni theluthi nyingine. Iliyobaki ni nguzo na kazi yako. Mteja akisema hana pesa ya kutosha, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye nguzo, kwa sababu wavu unaonekana na paa linaonekana, lakini nguzo ni nguzo. Hapo ndipo nilipoua.

Mwalimu Nyambura alikuwa amestaafu ualimu siku nyingi, mjane, anaishi peke yake Skuta katika nyumba ya mawe yenye kiuga kidogo nyuma. Alikuwa na paka watatu. Mweupe aliitwa Chaki, mweusi Wino, na yule wa madoa, mwenye kelele, aliitwa Kengele. Kabla ya hao alikuwa na wawili wengine. Walikula kitu chenye sumu wakafa siku moja, na haikujulikana nani alikiweka. Ng'ambo ya ua wake aliishi Mzee Gachanja, aliyewahi kuwa askari wa lindo la usiku, ambaye sasa maisha yake yote yalikuwa kuku wa kienyeji na mayai yao. Kengele alikuwa amekula vifaranga wake sita. Mzee Gachanja alisimama kwenye ua na kusema, watu wakisikia, "Hiyo paka ikirudi hapa nitaiwekea dawa."

Basi Mwalimu akaniita. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, Chaki yuko mapajani.

"Fundi, mimi sitaki vita na jirani," aliniambia. "Nataka hawa watatu wakae mahali hawatakula kuku ya mtu na mtu hatawapa sumu. Nimezika wawili. Kuzika wengine sitaweza."

Nilipima kiuga, futi kumi kwa kumi na nne. Nikamwandikia shilingi elfu themanini na sita, kila kitu chuma, nguzo za bomba la mraba zilizochomelewa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Niko na sitini. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilifika mwezi jana. Kina mama wenzangu wakipata zamu wananunua tangi ya maji. Mimi wamenicheka ati najengea paka."

Ningeweza kupunguza ukubwa. Futi nane kwa kumi ingewatosha paka watatu kabisa. Ningeweza kumwambia angoje zamu nyingine. Lakini mimi nilikuwa yule fundi wa ng'ambo, na fundi wa ng'ambo hasemi haiwezekani.

"Mwalimu," nikamwambia, "niachie mimi. Kitakuwa cha ukubwa ule ule kwa hiyo sitini yako."

Nikaondoa nguzo za chuma, nikaweka nguzo kumi na mbili za mkaratusi.

Sasa sikilizeni vizuri. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba mti ukiingia ardhini, mchwa atausikia. Kwa hiyo unakwenda gereji, unanunua oili chafu, ile nyeusi iliyotolewa kwenye injini, unaichanganya na dawa ya mchwa, unazilaza nguzo ndani ya pipa lililopasuliwa. Zizi la ng'ombe tunafanya hivyo. Choo, ua wa shamba, banda la kuni, vyote hivyo. Nimechovya nguzo kwa mamia na hakuna aliyewahi kulalamika. Na huko Ghuba nilikojifunza vizimba vya paka, kila kitu kilikuwa alumini na chuma. Elimu yangu ya paka niliipata mahali pasipo na oili, na elimu yangu ya oili niliipata mahali pasipo na paka wa kufungiwa. Hizo mbili hazikuwahi kukutana kichwani mwangu.

Nilikuwa na mwalimu wangu wa kwanza kabisa, Mzee Ngunjiri, aliyenifundisha kushika msumeno kabla sijaenda chuo. Yeye hakupaka oili hata siku moja. Alichoma ncha za nguzo kwenye moto wa taratibu hadi zikawa kaa juu juu, ndani zikabaki nzima, ndipo akazizika. Kazi ya siku nzima kwa nguzo tano. Niliporudi likizo na cheti changu nilimweleza kwamba dunia imeendelea, kuna dawa.

"Wewe unasoma makaratasi," alinijibu. "Sawa. Lakini mchwa pia inakula makaratasi."

Alikuwa ameshakufa nilipojenga Skuta. Hata angekuwa hai, nisingemuuliza. Nijuavyo nafsi yangu, nisingemuuliza.

Nilizichovya siku mbili. Kwa kawaida unachovya ile sehemu ya kuzikwa tu. Mimi nilizipaka hadi juu, kwa sababu nusu nyeusi na nusu nyeupe haipendezi, na nilitaka picha nzuri. Zikawa nyeusi tititi. Ilikuwa majira ya mvua, hazikukauka vizuri, nikazisimamisha hivyo hivyo maana nilikuwa nimeahidi Jumamosi. Mwalimu alipapasa moja, akatazama kidole chake.

"Hii haitawachafua?"

"Itakauka, Mwalimu. Na hizi za mti ni bora kuliko chuma. Paka atanoa kucha. Kwenye chuma angenoa wapi?"

Alifurahi kusikia hivyo. Alisema hakuwa amefikiria habari ya kucha.

Jumamosi tukawaingiza. Mwalimu alikuwa ameshona mto wa kila mmoja. Kengele alipiga kelele robo saa, kisha akapanda rafu ya juu akalala. Chaki alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya kona, akajinyoosha, akaanza kunoa kucha. Mwalimu akapiga makofi. Nami nikapiga picha, nikaituma kwa wateja. Meneja wa hoteli moja ya watalii njia ya kuelekea mlimani akanijibu siku hiyo hiyo: njoo upime, tunataka kubwa.

Jumanne asubuhi Mwalimu alinipigia simu, hasemi, analia tu. Nilipofika Chaki alikuwa amekufa. Alisema alimkuta alfajiri anadondosha mate, anatetemeka mwili mzima, macho yametoka, hakuweza kusimama. Alikuwa amemfunga kwenye leso. Akaifungua ili nimwone.

Paka mweupe, vijana. Miguu yake ya mbele ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Mdomo mweusi. Ulimi mweusi.

"Ona vile alijichafua kwa matope akitapatapa," Mwalimu alisema.

Niligusa unyayo wake, nikanusa kidole. Kisha nikatazama nguzo ya kona. Ilikuwa imechanwa kucha toka chini hadi usawa wa kifua changu. Mnajua paka akichafuka anafanya nini. Haendi bombani, anajilamba.

Ndani ya kichwa changu mambo yote yalijipanga, moja, mbili, tatu, kama mtihani niliousomea. Nikasema, "Pole, Mwalimu." Sikusema zaidi ya hapo. Nilichimba kaburi mwenyewe chini ya mti wa parachichi, kaburi zuri, la pembe nne.

Alasiri hiyo mwenyekiti wa nyumba kumi aliita kikao palepale kiugani. Mnajua vikao vya nyumba kumi. Watu kumi na watano, viti vya plastiki, kila mtu ameshaamua kabla hajaketi. Mzee Gachanja alikuja amevaa koti lake kuukuu la ulinzi, na kofia mkononi.

"Mzee, ulisema utaweka dawa ama hukusema?" mwenyekiti akauliza.

"Nilisema."

"Basi?"

"Kusema si kuweka. Hata bibi yangu, Mungu amlaze, nilimwambia mara mia nitamrudisha kwao, na tulikaa miaka arobaini."

Wawili walicheka, wengine hawakucheka. Mwanamke mmoja akasema, "Sasa nani alitupa hiyo nyama? Ni malaika?"

"Nyama gani? Mmeona nyama?"

"Si paka imekula. Si imekufa."

Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi. "Fundi, wewe ni mtu umesoma, umekaa ng'ambo. Hebu tuambie. Mtu akiwa hapo kwa ua, anaweza kupitisha kitu ndani?"

Wote walinitazama. Mwalimu alinitazama. Mzee Gachanja alinitazama pia, na nakumbuka kwamba yeye alinitazama kwa matumaini, kama mtu anayeona shahidi wake amefika. Nilisimama, nikaenda kwenye wavu, nikapitisha vidole viwili kwenye tundu.

"Inawezekana," nikasema.

Ilikuwa kweli. Matundu ni inchi mbili. Sikusema neno moja la uongo siku ile, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Wakaamua: Mzee Gachanja auze kuku wote kabla ya wiki kwisha, asiwe na sababu ya kumchukia paka wa mtu, la sivyo apelekwe kwa chifu. Aliinuka. Hakubishana tena. Akavaa kofia yake.

Lakini si hilo tu, na ndiyo maana naandika. Mwalimu aliamini sumu inatoka nje. Kwa hiyo aliwafungia Wino na Kengele ndani zaidi. Siku zile za kwanza alikuwa akiwatoa jioni na kuwaleta jikoni. Sasa aliwaacha humo usiku na mchana, akafunga magunia kwenye upande wa ua ili kitu kisipite. Mimi nilimwona akiyafunga. Nilimshikia kamba.

Mtaniuliza, ulikuwa unafikiria nini? Nilikuwa na mpango. Ningerudi kesho yake na mabati laini, nizivike nguzo zote, niite hiyo ni huduma ya bure ya fundi kwa mteja aliyefiwa. Hakuna ambaye angejua, paka wangepona, jina langu lingebaki. Mpango ulikuwa mzuri. Ila kesho yake meneja wa hoteli alisema ana nafasi asubuhi hiyo tu. Nikaenda kupima. Niliporudi jioni maduka ya mabati yalikuwa yamefungwa. Nikasema Alhamisi.

Alhamisi Wino akafa. Paka mweusi haonyeshi oili.

Mwalimu hakunipigia mimi kwanza. Alimwita daktari wa mifugo, kwa sababu Kengele naye alikuwa ameanza kutetemeka. Daktari alikuwa njiani anatoka Othaya, akamuuliza maswali kwa simu. Ndipo Mwalimu akanipigia. Nilikuwa dukani, mabati yangu yamekunjwa mkononi.

"Fundi, pole kukusumbua. Daktari anauliza kama huko ndani kuna rangi ama dawa yoyote imepakwa. Nimemwambia hapana. Nimemwambia fundi wangu ana diploma, amejengea watu wakubwa huko nje, hawezi kuweka kitu kibaya. Lakini anasema nikuulize wewe mwenyewe."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia Kengele. Hakuwa akilia kama kawaida yake.

"Mwalimu," nikasema, "mtoe humo."

"Nini?"

"Mtoe sasa hivi. Usimwache ajilambe. Mfunge na taulo. Mwambie daktari ni oili chafu na dawa ya mchwa. Iko kwenye nguzo zote. Mwoshe miguu na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Usingoje."

Simu ikakatika. Niliyaacha mabati juu ya kaunta.

Nilipofika daktari alikuwa jikoni, ameshamdunga Kengele sindano, anamsugua miguu ndani ya karai. Maji yalikuwa meusi. Daktari, kijana wa rika lenu, hakunisalimia. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba paka hawezi kuvumilia hata kidogo cha vitu ambavyo mbwa angevumilia, na kwamba ini lake si kama la ng'ombe. Nilimsikiliza. Mambo hayo hayakuwa kwenye diploma yangu, lakini angenieleza bure kama ningempigia simu kabla ya kujenga.

Kengele alipona. Mguu mmoja wa nyuma ulibaki ukitetemeka.

Daktari alipoondoka nikaweka bahasha mezani, elfu sitini zote. Mwalimu aliisogeza kando kwa kiganja, kama unavyosogeza daftari la mtoto aliyeandika mahali pasipofaa.

"Hiyo ni baadaye. Ulijua lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa swali sikuwa nimejiandaa.

"Siku ya Chaki."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Ulipofungua leso."

"Kabla ya kikao."

"Kabla ya kikao."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Na kamba ulinishikia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mzee Gachanja ameuza kuku jana. Nilimwona akizibeba kwa mkokoteni. Nilimwona nikasema asante Mungu. Kesho uje na mtaimbo. Saa nne, wakati watu wanapita. Utabomoa wewe, si mtu mwingine. Na kila mtu akikuuliza, utamjibu."

Nilifika saa nne kamili. Mwalimu alikuwa amefungua geti la nyuma wazi, linalotazama njia, na ameweka kigoda chake karibu na mti wa parachichi, penye makaburi mawili sasa. Nilianza na paa. Wa kwanza kusimama alikuwa yule mwanamke wa kikaoni.

"Fundi! Unabomoa tena? Si juzi tu umejenga?"

"Kulikuwa na shida kwa nguzo," nikasema.

"Sema vizuri," Mwalimu akasema kutoka kwenye kigoda. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, haipandi wala haishuki.

"Nguzo zilikuwa na dawa. Paka wakalamba."

"Nani aliipaka?"

"Mimi. Niliipaka mimi. Paka walikufa kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya nyama."

Yule mwanamke akatazama upande wa nyumba ya Mzee Gachanja, kisha akaenda zake bila kuaga. Akaja mwingine, na mwingine. Mwenyekiti mwenyewe alipita. Kwa mwenyekiti nilijaribu kueleza habari ya mvua, kwamba kama zingekauka pengine mambo yangekuwa tofauti.

"Hukuulizwa mvua," Mwalimu akasema. "Anza tena."

Nikaanza tena. Watu wanane walisimama kabla ya saa saba, na mara nane nilisahihishwa. Mara hii nimesema "ilitokea", mara hii nimesema "tuliamua" ilhali hakukuwa na mtu mwingine. Mikono yangu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Nguzo kumi na mbili si nyingi, lakini nilikuwa nimezizika futi mbili na nusu na kuzishindilia mawe, kwa sababu kazi yangu hujua kusimama.

Nilikuwa kwenye nguzo ya kona, ile iliyochanwa kucha, Mzee Gachanja alipotokea. Hakuwa amevaa koti. Aliingia getini, akasimama, akaangalia shimo, akaangalia nguzo. Hakuuliza kitu. Nilimwambia hata hivyo. Nilimwambia niliipaka dawa mimi, nilijua tangu asubuhi ya Jumanne, nilisimama kikaoni nikatia vidole vyangu kwenye wavu nikijua, na nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa naogopa kupoteza kazi ya hoteli.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kuku zangu zilikuwa kumi na nne," akasema. "Na tano zilikuwa zinalalia mayai. Ulikuwa unajua hivyo pia?"

"Nilikuwa najua, Mzee. Nilikuwa nikiziona kila siku nikijenga."

Akageuka akarudi kwake, akatembea kando ya ua hadi kwenye lango lake, akalifunga.

Nilimtazama Mwalimu, nikingoja. Mara hiyo hakunisahihisha.